Ndugu Asiyebisha Hodi

Aliyeingia hakubisha hodi. Hilo ndilo lililomfanya Anjelika ageuke pale mekoni, mwiko wa ugali mkononi, kwa sababu kijijini Rutenga hata mwizi hubisha hodi kwanza ajue kama wenyewe wapo. Ulikuwa mchana mweupe. Mlango ulifunguka taratibu, ukakaa wazi kiasi cha mtu kupita, kisha ukarudishiwa kwa adabu kama anavyorudishia mwenye nyumba. Hakuonekana mtu. Lakini kigoda cha mumewe, ambacho asubuhi alikiegemeza ukutani kwa mkono wake mwenyewe, sasa kilikuwa kimekaa karibu na moto, na chumba kizima kilinuka buni zilizochemshwa pamoja na chokaa mbichi.

"Nani?" aliuliza.

Akajiambia ni upepo. Upepo ulioshusha kigoda! Lakini mwanamke mwenye ugali motoni hana nafasi ya kubishana, naye akaendelea kusonga.

Nyumba waliyokaa ilikuwa ya bawabu wa chuo cha zamani cha Wajesuiti, imebanana na lango kuu kama kifaranga na mamaye. Mapadre hao walikuwa watu wa akili na subira. Walifika Rutenga enzi za Mwingereza, wakakipenda kile kilima kilichoko mpakani mwa Ngara na Biharamulo, wakachoma matofali bondeni hadi miti ya bonde ikakaribia kwisha. Wakajenga chuo cha mraba chenye ua katikati, na kuuzunguka ua wote wakaweka ukumbi wa matao, ili wanafunzi watembee wakisali bila kunyeshewa. Kuta zilikuwa nene hata mtu mzima aliweza kujilaza kwenye dirisha asining'inize mguu. Madirisha ya madarasa waliyapandisha juu sana, kijana asije akaona migomba ya watu akasahau Kilatini. Juu ya lango wakachonga herufi A, M, D na G, kifupi cha maneno ya Kilatini ya kumtukuza Mungu. Watu wa Rutenga, ambao Kilatini hakikuwahusu, walisema hayo ni majina ya wafadhili. Baada ya uhuru mapadre wakazeeka, wengine wakaitwa kwao, wanafunzi wakapelekwa kwingine, chuo kikafungwa. Kengele ikashushwa ikaenda parokia nyingine, na mnara ukabaki umesimama na kinywa wazi.

Kulikuwa na jambo moja la ajabu katika jengo lile. Upande wa magharibi, chini ya mnara, palikuwa na dirisha dogo la tao. Ukiwa nje uliliona vizuri. Ukiingia ndani kulitafuta, ulikuta ukuta mtupu. Lilikuwa dirisha lisilo na chumba.

Havyarimana, mume wa Anjelika, alikuwa mlinzi wa jengo hilo tangu ujana. Alivuka mto akitoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, peke yake, akajibanza humo kama popo. Parokia ilipomkuta hakudhuru kitu, ikampa funguo. Alikuwa fundi mwashi ambaye tofali lake halikuwahi kupasuka. Mpole, msema kidogo, si mlevi. Anjelika, binti wa wakimbizi wa mwaka uleule, alipoolewa naye wenzake walimwonea wivu. Wakapata mtoto mmoja, Kaneza. Baada ya hapo mimba zilikuja na kuondoka, na Anjelika akazoea kulia kimyakimya.

Kisha ukaja mwaka wa tisini na nne. Vilima vikajaa wakimbizi wa Rwanda na Burundi, turubai za bluu zikafunika mashamba, na miti ikaliwa na mafiga. Shirika moja la misaada likakodi chuo kiwe ghala la unga, maharage na mafuta. Msimamizi wa ghala, mtu wa haraka, akaliona lile dirisha kwa nje, akasema nyuma yake lazima kuna nafasi, naye anaitaka kwa ajili ya mapipa ya mafuta. Havyarimana akamwambia ukuta ule umebeba mnara. Msimamizi akasema kama yeye ameshindwa, ataletwa fundi mwingine. Basi Havyarimana akavunja. Walioshuhudia walisema alikuwa akipiga nyundo na kutubu, nyundo na kutubu.

Ndani palikutwa chumba kitupu, sakafu safi pasipo hata vumbi, na mafiga yenye majivu katikati. Kesho yake ndipo mlango wa Anjelika ulipofunguka bila hodi.

Baada ya hapo ikawa mazoea. Walikuwa wakila, mlango unafunguka, unarudishiwa, harufu ya buni inajaa, na Havyarimana anasogea kidogo kwenye mkeka kama anayempisha mtu. Anjelika alipomuuliza, alijibu kwamba mlango umeregea bawaba. Alizikaza bawaba. Mlango ukaendelea.

Juma lilelile Havyarimana alikwenda kambini, akarudi na mtoto.

"Anaitwa Aline," alisema. "Mtoto wa Irambona fulani, wa kwetu Ruyigi. Baba yake amefia njiani, mama hajulikani. Hana mtu, Mama Kaneza. Nimeshindwa kumwacha."

Mtoto alikuwa wa umri wa Kaneza na kimo chake, meno ya mbele yamemng'oka kama yake. Alisimama mlangoni akiwa ameshika kikombe cha plastiki, hataki kukiachia. Anjelika alimpenda hapohapo, bila kujipa hata nafasi ya kufikiri. Alimwogesha, akamnyoa, akamtoa funza miguuni akimwimbia. Usiku mtoto alilala ameshika pindo la kitenge cha Anjelika, na kila Anjelika alipojigeuza, ile ngumi ndogo ilikaza. Alimshukuru Mungu kwa moyo wa mume aliyempa. Akafikiri, wako wanaume wangapi kwenye njaa hii wangeongeza mdomo nyumbani?

Laiti angejua.

Kaneza akapelekwa Nyakisasa kwa mama yake mdogo. Havyarimana alisema kambini kumezuka kipindupindu, heri mtoto awe mbali. Anjelika akakubali, ingawa moyoni alijiuliza mbona kipindupindu kimchague Kaneza kimwache Aline. Kisha Havyarimana akachukua sweta la Kaneza akamvisha Aline. Akachukua medali ya ubatizo ya Kaneza, ile ya Bikira Maria, akamfunga shingoni. Na jioni moja, kiza kikianza kuingia, Anjelika alimsikia akimwita mtoto aliyekuwa uani.

"Kaneza! Kaneza, njoo ndani."

Alikuwa anamwita Aline. Na Aline, aliyekwishafundishwa, aliitika.

"Baba Kaneza, umesahau jina la mtoto?"

"Ulimi tu, mke wangu. Ulimi umezoea."

Nyuma ya kigoda, pasipokuwa na mtu, kitu kilipumua kwa kuridhika.

Hapo Anjelika alishindwa kuvumilia. Padre alikuwa na safari, na Mungu ni mmoja. Akadandia lori la unga hadi Biharamulo mjini, kwa mwalimu Makame wa madrasa, ambaye babu yake alitoka pwani na vitambaa na kitabu, naye mjukuu aliviuza vitambaa akakishika kitabu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama. Kaa mkekani. Naona hukulala."

Alimsikiliza hadi mwisho, hakumcheka. Siku ya pili alifika Rutenga na ubani wake, kanzu imepandishwa kuepuka tope. Walikaa nyumbani kwa bawabu, mlango umefungwa, Havyarimana pembeni ametazama chini. Makame alitia ubani kwenye chetezo akaanza kusoma. Sauti yake ilikuwa nzuri, na kwa muda Anjelika alihisi kifua kikifunguka. Kisha akauona moshi. Haukupanda. Ulishuka chini, ukatambaa sakafuni kama maji yanayotafuta mfereji, ukapita pembeni ya Makame, ukampita yeye Anjelika, ukafika miguuni mwa Havyarimana na kumzunguka vifundo vyote viwili, ukatulia hapo.

Makame akanyamaza. Akafunika chetezo.

"Jini aliyevamia namfukuza," alisema kwa sauti ya chini. "Nimeshawafukuza wengi. Huyu hakuvamia. Huyu ana ndugu humu ndani. Mzee Havyarimana, ulikula nini naye?"

Havyarimana alisimulia akiwa bado ametazama chini.

"Nilikuwa kijana, mwalimu. Nimevuka Ruvubu, miiba imenichana mkono mzima, sijala. Nikaingia kile chumba cha chini ya mnara, wakati ule kilikuwa na mlango wa kuingilia kutoka ukumbini. Giza. Mkono ukanyooshwa, na sauti ikaniambia, kula, nawe ni mgeni kama mimi. Nikadhani ni mkimbizi mwenzangu. Ilikuwa nusu ya buni. Ilikuwa na ladha ya chumvi. Akaniwekea nusu ya pili kiganjani, akaniomba nimlishe kwa mkono wangu, na mkono wangu ulikuwa unatoka damu. Nikampa."

"Basi mkachanjiana, mkawa ndugu wa damu."

"Ningejuaje?" Havyarimana alilia sasa. "Kwetu kunywana udugu ni pombe ya mtama, ni wazee wamekaa, ni mashahidi! Nani aliniambia huku watu huchanjiana kwa buni? Nilikuwa na njaa. Nilidhani ni chakula."

"Na amekuomba nini?"

"Miaka yote hakuomba kitu. Alinipa tu. Sikuugua, tofali langu halikupasuka. Nilipomwambia nataka kuoa alifurahi, akasema, vizuri, mtoto wako wa kwanza akianza kung'oa meno atakuja kukaa na mimi. Ndugu hakataliwi. Nikakubali, na siku ileile nikaziba mlango. Nikadhani nimemaliza. Sasa wamenilazimisha kufungua."

"Kwa hiyo anamtaka mtoto wa nyumba yako."

"Ndiyo."

"Yupi?"

Wakati huohuo Aline aliingia na mtungi mdogo kichwani, akasimama asijue autue wapi, na Havyarimana, kwa mazoea, pasipo kuinua macho, akasema, "Kaneza, weka hapo."

Anjelika alielewa yote kwa mpigo mmoja. Sweta. Medali. Nyakisasa. Alimwona mumewe akipita kati ya maelfu ya watoto kule kambini, anawaangalia vimo, anawafungua midomo kutazama meno, anachagua kama mtu achaguavyo mbuzi mnadani. Na yeye, mjinga, alimwogesha mbuzi huyo akamnenepesha. Hakuwahi kuumia hivyo, hata kwa mimba zote alizozika. Mtoto aliyepotea huchukuliwa na Mungu. Hili alifanyiwa na mtu aliyelala naye kitanda kimoja.

"Aline, mwanangu, nenda nje kacheze," alisema. Mtoto alipotoka akamgeukia mumewe. "Wewe ulivuka mto ukiwa kama yeye. Peke yako. Na kikombe chako."

"Ningemtoa Kaneza?" Havyarimana alinong'ona. "Sema wewe. Kaneza au huyu? Chagua wewe basi, kama unaweza."

Anjelika alijikuta akiwapima watoto wawili moyoni. Hilo nalo lilimuuma.

Makame alikunja mkeka wake. Alikataa hata chai. Mlangoni akamwambia Anjelika pembeni, "Mama, dua yangu haitenganishi ndugu. Lakini udugu una sheria zake. Waulize wenye kilima."

Mwenye kilima aliyebaki alikuwa Ildefonsa, mjane aliyeuza pombe ya ndizi njiapanda, mwenye ulimi mkali kuliko pombe yake. Anjelika alimkimbilia jua likielekea kuzama.

"Mlichelewa kuuliza nyie wageni wa Rutenga," Ildefonsa alisema akichuja pombe. "Kilima kile kilikuwa cha baba yangu, na kabla ya baba kilikuwa na mwenyewe, asiye binadamu. Bruda Klementi, mchora ramani wa mapadre, alipotaka kujenga, baba alimwambia, jenga, ila Mwenye Kilima muachie chumba chake chenye mlango wa nje, atoke na kuingia. Bruda akaapa. Akajenga chumba, akaweka mlango, dirisha la mapambo juu yake. Jengo lilipokwisha, siku ya baraka, akauziba mlango wa nje kwa tofali. Alisema unaharibu sura ya ukuta." Akatema mate. "Wasomi! Tangu hapo amekaa humo kama bundi. Kila anayemwahidi anamdanganya."

"Nimwokoeje mtoto?"

"Ndugu wa buni habishi hodi. Hanyimwi kitu. Lakini na yeye ukimpa, mpe kilicho chako. Ukimpa ndugu yako kitu cha watu, umevunja udugu, na ile buni uliyokula inaota. Inaotea humuhumu." Akajigusa tumbo. "Niliwahi kumwona mmoja. Nilikuwa mdogo. Sikula siku nyingi."

Anjelika aliporudi nyumba ilikuwa tupu. Kikombe cha plastiki kilikuwa kimeangushwa kizingitini.

Akakimbia. Akapita lango, akapita magunia ya unga, akaingia ukumbi wa matao, na mvua ikaanza kupiga vigae, na kila tao alilopita lilifuatiwa na tao jingine lililofanana nalo, nguzo na kivuli, nguzo na kivuli, akageuka kona na kukuta upande uleule alioacha, akageuka tena, na harufu ya buni ikawa nzito hadi akaionja kwenye ulimi, na nyuma yake akasikia nyayo za viatu vya ngozi za wanaume wengi wanaotembea polepole kwa pamoja wakinong'ona Kilatini, watu ambao walishaondoka au kufa zamani na ambao sasa walitembea wakisali kama walivyofundishwa bila hata mmoja wao kugeuka kumsaidia, na juu ya yote mnarani, ambako kengele haikuwepo kwa miaka mingi, kitu kilikuwa kinayumba taratibu kikitafuta ukingo wa kugonga. Akapiga ishara ya msalaba, akafumba macho, akafuata ukuta kwa kiganja. Kiganja kikapata uwazi. Akaingia.

Moto ulikuwa unawaka kwenye mafiga. Havyarimana alipiga magoti upande huu. Aline alikaa katikati na sweta la Kaneza, macho wazi, hana kilio. Ng'ambo ya moto, mwanga ulipopaswa kufika ukutani, haukufika. Uliishia kwenye kitu kilichochuchumaa, kirefu hata kikiwa kimechuchumaa, chenye weusi wa ndani ya tanuri.

"Karibu, shemeji," kilisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwema, jirani wa zamani. "Umechelewa, lakini karibu. Ndugu yangu ametimiza ahadi. Huyu ndiye mtoto wake wa kwanza."

Anjelika alimwangalia mumewe, na mumewe alimwangalia kwa macho ya kumsihi anyamaze tu. Neno moja lisitamkwe, na Kaneza wake atakuwa salama Nyakisasa. Lilikuwa jambo rahisi sana. Akaona ngumi ndogo ya Aline imekaza pindo la sweta.

"Huyu si Kaneza," alisema. "Huyu ni Aline, wa Irambona, wa Ruyigi. Si mtoto wa nyumba hii. Ndugu yako amekupa kitu cha watu."

Moto ulishuka.

"Ni kweli, ndugu yangu?"

Havyarimana akainamisha uso hadi sakafuni.

"Yule wa kwanza alinipa mlango akaninyang'anya," ile sauti ilisema, na sasa ilikuwa na uchungu ambao Anjelika, kwa aibu yake, aliuelewa. "Nikasema huyo ni mgeni wa mbali, hajui. Kisha nikampata huyu, mwenye njaa kama mimi, aliyefungiwa nje kama mimi nilivyofungiwa ndani. Nikampa nusu. Na yeye akaniziba. Shemeji, nipe basi huyo mwingine. Wa kweli."

"Huyo mwingine nilimzaa mimi kwa uchungu wangu," Anjelika alisema, "na wewe hujachanjiana na mimi."

"Kwa hiyo ndugu yangu ana nini kilicho chake?"

Angeweza kusema hana kitu. Baadaye, miaka yote, alijiambia kwamba angeweza. Lakini hasira ilikuwa bado mbichi, na mtu aliyesalitiwa huona upande mmoja tu.

"Ana mwili wake," alisema.

"Anje," Havyarimana alisema. Hakumwita hivyo tangu wachumbiane. Akashika tumbo. Chini ya shati kitu kilisukuma, kikasukuma tena, kama mche unaotafuta mwanga. Anjelika alimnyakua Aline, akamfunika uso kwa kitenge, akatoka pasipo kugeuka. Nyuma yake hakusikia ukelele. Alisikia mwiko wa mwashi ukikwaruza chokaa, tofali likigongwa likae sawa, mwiko tena, kazi safi ya mtu asiye na haraka. Na sauti ile njema ikimsindikiza kutoka ndani: "Haya, shemeji. Huyu si wa nyumba hii. Nimesikia."

Asubuhi ukuta ulikuwa umezibwa. Mistari ilinyooka, chokaa bado mbichi, na kila fundi wa Rutenga aliyeutazama alijua ni mkono wa nani. Msimamizi alifoka; hakupata wa kuubomoa, akaweka mapipa yake darasani. Havyarimana hakuonekana tena. Wengine walisema amerudi Burundi, wengine kwamba ameuawa njiani, na miaka ile watu walipotea wengi mno kwa yeyote kuuliza mara mbili.

Kaneza akarudi. Wasichana wakalala mkeka mmoja, wakagawana sweta. Mlango ulifunguka kwa hodi tu, na buni Anjelika hakuzipika tena nyumbani kwake. Kuna nyakati alimkumbuka mumewe akalia. Kuna nyakati alikumbuka sweta, machozi yakakauka yenyewe. Akakaa hivyo, mjane asiye na kaburi, hadi Desemba ya mwaka wa tisini na sita.

Mwezi ule barabara zilijaa watu wanaorudi Rwanda, magodoro vichwani, na uvumi ukaenea kwamba hata watoto wa Kirundi wasio na wazazi watakusanywa wapelekwe ng'ambo. Anjelika alikaa na Aline ndani. Mchana mmoja, Kaneza akiwa amekwenda kuchota maji, hodi ikabishwa. Alikuwa balozi wa nyumba kumi pamoja na askari wawili, vijana, wamechoka, vumbi hadi kwenye nyusi.

"Hodi, mama. Tunapita kila nyumba. Hapa wapo watoto wangapi?"

"Wawili. Wote wangu."

Askari mmoja alimchungulia Aline aliyesimama nyuma, ameshika pindo la kitenge. "Huyu naye? Balozi anasema aliletwa kutoka kambini."

Aline alikaza ngumi. Anjelika aliisikia ile ngumi ikivuta nguo hadi kiunoni, na hofu ikamjaa, na akasema kwa sauti kubwa, wasikie na majirani, asije mtu akabisha tena:

"Huyu ni mtoto wa nyumba hii! Mtoto wa Havyarimana, na mimi ndiye mama yake. Andika hivyo."

Askari aliitikia kwa kichwa, akaridhika. Wakamuaga kwa heshima. Anjelika aliwasindikiza hadi langoni, chini ya zile herufi za mapadre. Alisimama akiwaangalia hadi walipoingia kwa Ildefonsa. Aliyasema maneno yale tena peke yake, polepole, kwa kuyafurahia. Mtoto wa nyumba hii. Ndipo aliposikia alichokisema.

Akageuka. Mlango wa nyumba yake, aliouacha wazi, ulikuwa unarudishiwa taratibu, kwa adabu.

Alipoufungua, harufu ya buni na chokaa mbichi ilimpiga usoni. Kigoda kilikuwa karibu na mafiga. Aline alikuwa amekaa juu yake, anatafuna, anatabasamu kama mtoto aliyepewa zawadi.

"Aline. Unatafuna nini?"

"Buni, mama. Nusu tu. Nusu nyingine ameila Baba."

"Baba nani?"

"Baba," Aline alisema, akishangaa swali. "Amekonda sana, mama, na ana chokaa mpaka kwenye nywele. Anasema ameufungua ukuta mwenyewe, akaja na ndugu yake. Wamesema watarudi kunichukua, kwa sababu sasa mimi ni wa nyumba hii."

Akanyoosha mkono ili mama yake amwangalie kidole. Kilikuwa kimechanjwa kidogo, na damu ilishafutwa.